Masafa Yale Yale, Wenyewe Watatu: Kisa cha Kituo Kimoja cha FM Unguja

Daftari lilikuwa la jalada gumu, lile nene linalonunuliwa Darajani na wenye maduka ya jumla. Lilikaa juu ya meza ndogo chini ya ngazi za kituo chetu cha redio, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Anayekuja na msiba hakuulizwa mengi. Alikaribishwa kwenye benchi, akapewa maji, kisha akaandika au akaandikiwa: jina la marehemu, mtaa wake, maiti anatoka nyumba gani, anaswaliwa wapi, anazikwa wapi na saa ngapi. Halafu ukaja mstari wa mwisho, ambao siku zote ulikuwa mrefu kuliko yote: habari ziwafikie fulani wa Donge, fulani wa Bwejuu, fulani na wanawe wa Nungwi, na ndugu na jamaa wote popote walipo.

Nilianza kazi kwenye meza hiyo mwaka 2009 na niliondoka 2020 nikiwa msimamizi wa vipindi. Katika miaka hiyo kituo kilipita mikononi mwa wenyewe watatu. Jina lake silitaji, wala yao, maana wote wapo na tunasalimiana. Ninachotaka ni kukieleza kisa kwa namna nyingine, kwani kila ninaposikia watu wakikisimulia husimulia habari ya muziki: ilikuwa taarabu, ikaja bongo fleva, zikaja kaswida. Wanaojua redio kwa kuisikiliza jioni huenda wakaona hivyo. Sisi tuliokaa ndani tuliona kitu kingine kikihama, nacho ni saa. Saa gani msikilizaji anaweza kukitegemea kituo kumwambia jambo linalomhusu yeye, hapa kisiwani, leo hii kabla jua halijageuka.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Redio ya Serikali hapa ilianza 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja. Baada ya Mapinduzi ikabadilika jina, tukaizoea miaka mingi kama Sauti ya Tanzania Zanzibar, na leo ni ZBC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Masafa mafupi yake kutoka Dole, kilohezi 11735, yalisikika hadi Ulaya, na wapenzi wa redio wa huko walikuwa wakituma barua kueleza walivyoipata. Lakini kilichowafanya bibi zetu wasiizime kilikuwa matangazo ya vifo. Hapa kwetu maiti halazwi. Aliyefariki usiku huzikwa Adhuhuri, aliyefariki asubuhi huzikwa Alasiri, na mwenye kuwahi awahi. Kabla ya simu za mkononi, redio ndiyo iliyowapandisha watu gari. Kwa hiyo Sheria ya Tume ya Utangazaji ya mwaka 1997 ilipofungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, kila aliyeingia alikuta desturi imeshajengwa. Hakuwa na haja ya kuibuni. Kazi yake ilikuwa kuirithi vizuri.

Na mawimbi ya FM yana tabia zake. Hayaendi mbali kama yale ya zamani. Husafiri kwa mstari, yakikutana na kilima au upeo wa macho yanaishia hapo. Mtambo wetu ulikuwa mdogo. Ulifika Makunduchi na Nungwi hali ya hewa ikiwa nzuri, ulikwaruza kidogo upande wa Michamvi, na Pemba haukufika kabisa. Mtu mwenye jamaa Wete au Mkoani tulimwambia wazi apeleke tangazo lake redio ya Serikali pia. Yaani wasikilizaji wetu walikuwa Unguja hii hii, na upande wa pili wa mkondo vituo vya Dar es Salaam vilikuwa vinaingia mjini kwetu vikubwa, safi, na vina fedha. Tulichokuwa nacho sisi ambacho wao hawana ni kwamba tunajua nani amefariki Kikwajuni asubuhi ya leo.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mjini. Studio ilikuwa ghorofani juu ya duka lake. Alikuwa na mapenzi ya kweli ya taarabu asilia, na jioni alipanda mwenyewe na santuri zake kutuletea. Asubuhi tulisoma habari, bei za samaki na mbogamboga sokoni, hali ya bahari kwa wavuvi, kisha vifo. Vifo vilisomwa saa moja na nusu, saa tatu, saa tano na saa nane. Hiyo ya saa tano ndiyo iliyokuwa nguzo, kwa sababu anayesikia saa tano akiwa Chwaka au Mkokotoni bado anawahi maziko ya Alasiri mjini, na akiwa karibu anawahi hata ya Adhuhuri. Makondakta wa gari za shamba walikuwa wakiongeza sauti saa hiyo bila kuombwa. Nimepanda gari namba 116 ya Nungwi mara nyingi na kushuhudia abiria wote wakinyamaza, kisha mmoja akasema “nishushe hapa hapa”, akavuka barabara kusubiri gari la kurudi mjini.

Nitasema pia lililokuwa baya, kwa kuwa huyu bwana tulimpenda na mapenzi huficha mengi. Mishahara ilikuja kwa mafungu. Michango yetu ya hifadhi ya jamii haikupelekwa kwa miezi. Mikseri ilikuwa na njia mbili tu zinazofanya kazi, na mnara ulikuwa unaliwa na kutu, kwani hewa ya chumvi haina subira na chuma. Alikuwa mtu wa kutoa fedha mfukoni pale penye dharura na kusahau pale pasipo dharura.

Dharura zikaja. Disemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari uliharibika na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Mwenyewe alinunua mafuta ya jenereta kila siku wakati mauzo ya duka lake yameanguka. Kisiwa kizima kilikuwa na redio za betri, televisheni zimekufa, na sisi tupo hewani kuanzia alfajiri. Nathubutu kusema kituo kilizaliwa mara ya pili katika giza lile.

Halafu Septemba 2011. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10, MV Spice Islander ilizama njiani kuelekea Pemba. Sitoyaeleza ya Nungwi wala ya Maisara ambako maiti zilipelekwa kutambuliwa, walioyaona wanayo. Nitasema tu yaliyokuwa studio. Muziki ulizimwa bila ya mtu kutoa amri. Tulisoma majina. Kila yalipofika majina mapya tulisoma, kisha tukarudia tangu mwanzo, maana kuna aliyefungua redio sasa hivi. Benchi la chini ya ngazi lilijaa, ngazi zikajaa, watu wakasimama barabarani. Tulisoma kwa zamu hadi sauti zikakauka. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo na sisi tulikaa siku zaidi ya hizo bila nyimbo. Hakuna aliyelalamika.

Nimeyataja haya mawili kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mtaji wa kituo. Hayakuandikwa popote kwenye karatasi za mauzo.

Mauzo yenyewe yalikuwa mwaka 2015. Mwenyewe alikuwa ameugua, watoto wake hawakuitaka redio, na deni la umeme lilikuwa limepanda. Wanunuzi walikuwa kampuni yenye kituo chake Bara. Wengi hudhani redio huuzwa kama kiwanja, ukishalipa ni yako. Haiko hivyo. Masafa si mali ya mtu. Ni ya umma, na mamlaka ya mawasiliano humpa mtu kuyatumia kwa masharti. Leseni ya kutangaza nayo hutoka Tume ya Utangazaji, na huwezi kumkabidhi mwenzako mkononi. Kinachouzwa hasa ni hisa za kampuni inayoshikilia leseni, pamoja na mitambo, samani na jina. Nakumbuka orodha ya mali ilivyoandikwa. Viti vilihesabiwa. Feni mbili zilihesabiwa, moja ikaandikwa mbovu. Madaftari ya vifo, ambayo kufikia hapo yalikuwa yamejaa kabati zima, hayakuandikwa. Kijana aliyekuwa akihesabu aliyaangalia, akauliza ni ya nini, akaambiwa, akafunga kabati.

Wenyewe hawa wa pili hawakuwa watu wabaya, na hili linanisumbua zaidi ya lolote. Mshahara ulianza kuja mwisho wa mwezi. Michango ya ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ikalipwa. Tukapata mikseri mpya, maiki zisizokwaruza, mnara ukapakwa rangi. Vijana wa Zenji fleva, muziki wa kizazi kipya wa hapa kwetu, waliokuwa wakizunguka na sidii zao bila wa kuwasikiliza walipata kipindi chao jioni, na wengine mitaa yote ikawajua. Mimi mwenyewe nilikuwa na furaha mwaka huo wa kwanza.

Mpango wao ulikuwa kupunguza gharama. Kituo chao cha Dar es Salaam kilikuwa na kipindi cha asubuhi chenye watangazaji wanaojulikana nchi nzima, na kukirusha Unguja hakugharimu ila waya wa intaneti na kompyuta moja. Kwa hiyo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita tulijiunga na Dar. Mchana ukawa wa orodha ya nyimbo iliyopangwa na kompyuta. Sisi wa hapa tulibakishiwa dirisha letu kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, na ndani yake matangazo yote ya hapa: ya duka, ya mkutano wa shehia, ya mtoto aliyepotea, na ya vifo.

Niliuliza kikaoni kuhusu vifo vya asubuhi. Nilijibiwa kwa adabu kwamba vifo ni matangazo, na matangazo yana nafasi yake kwenye ratiba. Kwa mtu aliyekulia kwenye mji mkubwa, ambako maiti anaweza kusubiri ndugu watoke Mwanza au Songea siku mbili tatu, jibu hilo lina mantiki. Nilipaswa kusimama na kueleza kwamba hapa hatusubiri. Nilikaa kimya, na kimya hicho ndicho ninachokijutia katika miaka yote kumi na moja.

Mwezi haukupita. Mzee mmoja wa upande wa Kizimkazi alifariki mjini usiku. Asubuhi, saa moja kamili, mwanawe wa kiume akaja kwenye meza kama alivyokuja miaka ya nyuma kwa ami yake na kwa shangazi yake. Akaandika. Akalipa. Akaondoka kwenda kushughulika na sanda na gari, moyo wake umetulia kwamba redio itawaarifu wengine. Dada yake alikuwa ameolewa Nungwi. Simu yake ilikuwa haina chaji tangu usiku. Tangazo liliingizwa kwenye kompyuta, likakaa kwenye foleni yake baina ya duka la makochi na semina ya wajasiriamali. Saa kumi mzee akazikwa. Saa kumi na moja na dakika ishirini likasomwa, kwa sauti nzuri sana, maiki mpya.

Dada mtu alikuwa anachagua mchele uani.

Kesho yake alikuja kituoni. Mimi ndiye niliyekuwa chini. Hakupaza sauti. Alikaa kwenye benchi na buibui lake lenye vumbi la safari, akaomba aoneshwe palipoandikwa. Nikamfungulia daftari. Akaweka kidole kwenye mstari, akausoma taratibu hadi mwisho, hadi kwenye jina lake mwenyewe na la mumewe na neno Nungwi. Akaniambia: “Kaka, mmeandikiwa saa moja asubuhi. Mmesoma magharibi inakaribia. Baina ya hapo mlikuwa na kazi gani?” Sikuwa na la kumjibu. Mwanamke kwetu haendi makaburini. Haki yake ni kuwepo nyumbani, kumuona mzazi wake uso kabla hajafunikwa, na kusimama pale maiti anapoondoka. Hiyo ndiyo aliyoikosa, na hairudishwi.

Baada ya siku hiyo hapakuwa na maandamano wala barua gazetini. Watu waliacha tu kuja. Daftari lililokuwa likijaa kwa miezi michache likakaa mwaka mzima na kurasa tupu. Na hapa ndipo ninapotaka wanaofanya hesabu za redio wasikilize, maana sisemi kwa huruma peke yake. Matangazo ya vifo yenyewe hayakuwa na fedha ya maana. Lakini mwenye duka la vitambaa Darajani, anayetaka kutangaza kabla ya Idi, alikuwa haulizi kituo kina wasikilizaji wangapi. Alikuwa anajua mama yake, mke wake na wateja wake wamefungua redio saa tano kusikiliza nani ametangulia, na tangazo lake alilitaka dakika mbili kabla ya hapo. Saa tano ilipokufa, sababu yake ya kutulipa ilikufa pia. Matangazo makubwa ya sabuni na ya kampuni za simu yalikuwepo, lakini yalilipwa Dar es Salaam na kuhesabiwa Dar es Salaam. Kwenye vitabu vya Unguja kituo kilionekana kinakula tu. Wenyewe walipokaa kuangalia mwaka wa tatu, walikata shauri kwamba soko la Zanzibar ni dogo. Soko halikuwa dogo kiasi hicho. Walikuwa wamelifungia mlango kuanzia alfajiri hadi jioni.

Wapo wanaosema hata bila ya hayo, WhatsApp ingeua daftari. Ni kweli kwamba leo habari ya msiba huzunguka kwenye makundi ya familia kabla maiti hajaoshwa. Lakini makundi yanawafikia waliomo. Rafiki aliyesoma na marehemu skuli miaka hamsini iliyopita hamo. Mkulima wa Muyuni aliyekuwa akimuuzia mihogo hamo. Mstari ule wa “popote walipo” unawahusu hao, na idadi yao kwenye mazishi ya Unguja mtu yeyote aliyewahi kubeba jeneza anaijua begani mwake.

Mwenyewe wa tatu, kuanzia 2019, ni jumuiya ya dini. Mpangilio ukageuka tena: Qur-ani alfajiri, darsa asubuhi, kaswida, mawaidha, maswali na majibu usiku. Nyimbo zote zikatoka. Waliandika barua zao kwa mdhibiti, wakasubiri, kisha wakaanza kwa utulivu. Na kwa kuwa wao wenyewe ni watu wa kuzika, vifo walivirudisha asubuhi bila ya kuombwa. Wasikilizaji wakarudi kwa kasi iliyonishangaza. Masheikh walidhani ni darsa. Sibishani nao, darsa lina wapenzi wake wengi. Lakini mimi nilikuwa namuangalia anayepanda ngazi na anayekaa kwenye benchi.

Hata hivyo gharama ipo, na sipendi ipitwe. Vijana wa Zenji fleva walipoteza mlango waliokuwa wameupata. Taarabu asilia, sanaa ambayo Siti binti Saad aliipeleka kwenye santuri Bombay mwaka 1928, haina tena saa yake ya jioni kwenye masafa yale. Mechi za Kombe la Mapinduzi tulizokuwa tukizitangaza Januari hatukuzitangaza tena. Mapato ni michango, na mwezi ambao wachangiaji wamechoka jenereta halina mafuta. Mji wenye vituo vingi unaweza kusema msikilizaji ahame masafa, na Unguja mjini anaweza. Aliyeko Kizimkazi na redio ndogo ya betri hana uchaguzi mpana hivyo.

Kama ningeulizwa na mtu anayetaka kununua kituo cha FM hapa kesho, ningemshauri kabla ya kuhesabu viti akae siku saba chini ya ngazi, kuanzia saa moja asubuhi, aone nani anaingia na anataka nini na kwa saa ngapi. Akitaka kuweka bongo fleva aweke, akitaka kaswida aweke, hiyo ni haki yake na ladha yake. Saa tano asiiguse. Na ningependa Tume, barua ya kuhamisha umiliki inapofika mezani kwao, wamuulize mnunuzi swali hilo hilo la saa na jibu liandikwe kwenye masharti.

Nilipoondoka 2020 niliwaachia vijana karatasi moja ukutani, juu ya mikseri, kwa herufi kubwa: tangazo la msiba linasomwa kabla aliyelileta hajaondoka chini ya ngazi. Mwezi uliopita nilipita. Karatasi imepauka lakini ipo. Daftari lipo pia, jipya, kalamu imefungwa kwa uzi. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini, darsa linaendelea, sheikh yuko katikati ya aya. Akaingia kijana wa meza na kijikaratasi, akakiweka mbele ya mtangazaji, naye akainua mkono, akasubiri sheikh avute pumzi, akasema: “Sheikh wangu, tuwie radhi kidogo. Kuna msiba Fuoni, wanazika Adhuhuri.”